Nzioki, Masikio Yangu na Wimbo wa Mbuzi

Wewe uliyepewa kadi ya sindano wiki hii, ukarudi nyumbani ukaketi ukiitazama, haya nimekuandikia wewe. Mimi nilishapona. Si daktari, na shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo ukiona nimesema kinyume cha sista wa kliniki, mwamini sista. Lakini kuna jambo moja ambalo sista hawezi kukueleza vile mimi nitakueleza, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nitalifikia. Nikilitaja sasa hivi utaliona dogo.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kambu, kando ya barabara kuu. Veranda yangu niligawana na Nzioki, fundi wa pancha. Upande wake kulikuwa na mipira na karai la maji la kutafutia tundu. Upande wangu kulikuwa na cherehani na meza ya kukatia. Katikati, juu ya sanduku la mbao, palikaa kinanda chake cha santuri, kile cha betri. Madereva wa malori walimletea santuri kutoka Mombasa na Nairobi, maana walijua anayemletea Nzioki santuri hangoji sana. Simsemi vibaya. Hata mimi nilikuwa na wateja wangu wa kupendelea.

Tulibishana juu ya nyimbo miaka kumi na mbili. Yeye alisema wimbo ni gitaa, na maneno ni ya kungojea gitaa lianze. Mimi nilisema wimbo ni maneno, na gitaa ni kiti cha kukalia maneno. Akiweka santuri za Kongo nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisizisikie.

"Hata hujui wanasema nini," namwambia.

"Ndiyo maana ni tamu, fundi. Nikijua wanasema nini nitaanza kuwajibu kama wewe."

Wimbo tuliobishania kuliko zote ulikuwa wa Kikamba. Karatasi ya santuri ilikuwa imechubuka jina likaisha, basi tukauita wimbo wa mbuzi. Mwanamume amegombana na mkewe, mke amerudi kwao. Kiangazi kikali. Mwanamume anachukua mbuzi mmoja, anamfuata. Anatembea mpaka mtoni, upande wa pili anaona moshi wa jikoni kwa wakwe zake, na hapo anageuka anarudi nyumbani na mbuzi wake. Baada ya hapo hakuna maneno tena, ni gitaa mpaka mwisho.

Santuri ikiisha Nzioki hunielekezea spana. "Haya, sema."

"Huyu ni mtu wa maana. Ameona aibu. Ataingiaje kwa wakwe na mbuzi mmoja, na yeye ndiye aliyekosa?"

"Mtu wa maana gani! Ametembea siku nzima, amefika, amerudi. Mbuzi mwenyewe amemshangaa. Wewe, huyu amegeuka kwa sababu mpiga gitaa alichoka kungoja. Sikiza hapa… hapa! Umeona linavyopanda?"

Tuliuweka wimbo huo mara ngapi, Mungu ndiye anajua. Niseme kweli, nilikuwa nikiona linavyopanda. Sikumwambia.

Ugonjwa ulianza baada ya kuvuna ndengu. Kikohozi, na jasho la kulowesha shuka. Mtu mwingine angejidanganya, lakini mimi kazi yangu ni kupima watu. Nilijipima kiuno kwa futi yangu ya kitambaa, nikapunguza suruali. Baada ya wiki chache nikaipunguza tena. Mara ya tatu Mama Ndinda, mke wangu, alinikuta na mkasi mkononi, suruali mapajani, akasema, "Baba Ndinda, hiyo suruali si mgonjwa. Twende hospitali."

Wakapiga picha ya kifua, wakasema TB. Sindano sitini, moja kila siku katika kliniki yetu, na vidonge vya mwaka mmoja na nusu.

Kwenye kliniki kulikuwa na benchi moja refu. Ukifika kabla jua halijapanda unakaa kwenye kivuli, ukichelewa unakaa kwenye jua, na kivuli kikifika kwako ni zamu yako. Tulizoeana. Hatukuulizana majina, tuliulizana namba. "Wewe uko ngapi?" "Kumi na moja." "Aiya, umekwenda!" Mwenye namba kubwa alipewa heshima kama mzee. Makalio yaliuma mpaka watu walikuwa wakikaa upande mmoja, wakibadilisha wote pamoja kama kwaya.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mama mkwe alikuja akamchukua Ndinda, akasema mtoto akae kwake mpaka nipone. Nilikasirika sana. Leo naona alifanya sawa, lakini alivyomwondoa, bila hata kuniachia nimshike, hapo sijui. Kikombe changu kilitengwa kwenye msumari wake. Nzioki alipokuja kunitazama alikitungua kikombe kile kile, akakinywea chai, akakirudisha.

"Una wazimu?" Mama Ndinda akamwambia.

"Nimebishana na huyu mtu miaka yote, mate yake yote yameshanirukia usoni. Kikombe ni nini?"

Tulicheka. Baadaye sista alinieleza kwamba kikombe hakina neno, hatari ni kukoholeana karibu karibu. Na sisi tulikuwa karibu karibu kila siku, vichwa vyote viwili juu ya kinanda kimoja. Hilo nitaliacha hapo. Nimelifikiria sana na sijapata jibu.

Nina daftari ninaloandika vitu vidogo. Limeandikwa hivi: *Sindano ya 19. Nyenje wanalia. Mvua bado. Labda ni nyenje wa kweli.* Nyenje ni wale wadudu wa porini wanaolia kiangazi mpaka kichwa kinauma. Kesho yake nikaandika: *Nyenje wameingia ndani ya nyumba. Mama Ndinda anasema hakuna nyenje.*

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kila Jumatatu sista alituuliza mmoja mmoja kabla ya kuchoma: "Masikio yako sawa? Hayalii? Hupati kizunguzungu?" Aliuliza kwa Kiswahili, na asiyeelewa alimwuliza kwa Kikamba. Hakuacha hata Jumatatu moja. Nami nilisema, "Yako sawa, sista."

Nilisema hivyo kwa sababu mzee mmoja pale kwenye benchi, mwenye namba hamsini na kitu, aliniambia ukisema masikio yanalia watakukatia sindano, na ukikatiwa sindano umekufa. Alininong'oneza kama mtu anayenipa dawa. Simlaumu, alitaka nipone. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo.

Nikaanza kuyumba njiani. Natoka kliniki nashika ua wa watu, nashika mti, kama mlevi. Wazee wawili wa kanisa letu walikuja nyumbani wakakaa, wakanisomea juu ya pombe. Mimi tangu niokoke sijaonja. Nilitaka kujieleza lakini sikusikia vizuri walichouliza, nikajibu, "Ndiyo, tangu mwezi jana." Wakaniombea sana.

Ndipo nikaanza kukubaliana na Nzioki. Nilikuwa nakwenda verandani nikae tu, kazi sikuweza. Anaweka santuri, mimi naona inazunguka. Namwona anatikisa kichwa, nami natikisa. Akinielekezea spana nasema, "Hapo kweli." Akisema kitu nasema, "Hata mimi naona hivyo." Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya tatu aliniangalia vibaya. Nilidhani nimeficha vizuri, na kumbe kwa mtu kama Nzioki ningejificha kwa kubisha.

*Sindano ya 41.* Aliweka santuri, nikaona karatasi yake imechubuka, nikajua ni wimbo wa mbuzi. Nikangoja kidogo nikasema, "Leo nimeyasikia maneno vizuri. Mazito sana."

Nzioki aliinua mkono wa kinanda. Akaja akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye gundi ya pancha, akanigeuza nimtazame mdomo, akasema polepole, "Fundi. Hiyo ni ya Kongo. Nimekubandulia karatasi makusudi."

Aliniketisha nyuma ya baiskeli yake akanirudisha kliniki jioni ile ile. Njia nzima nilikuwa nimeegemeza uso mgongoni mwake, na nilijua anasema maneno kwa vile mgongo ulivyotetemeka.

Sista aliandika kwenye karatasi: *Ilianza lini?* Nikamwambia, ya kumi na tisa. Aliweka kalamu chini, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Kisha akaandika: *Ungesema siku ile tungekubadilishia dawa. Dawa nyingine ziko. Sasa kilichoondoka hakirudi.* Wakasimamisha sindano, wakanibadilishia vidonge, na kifua kikapona. Unaona? Yule mzee hakuwa sahihi. Walinikatia sindano na sikufa.

Karatasi ile niliikunja nikaichoma jikoni. Nzioki alikuwa nje na baiskeli, hakuisoma. Nilipotoka nilimwambia, "Sindano zimenila masikio." Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Ndinda, na kanisani, na kila mteja. Si uongo. Lakini ni nusu ya kweli, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na uhai wa mtu.

Nilirudi kazini mvua za Novemba. Cherehani siisikii, lakini mguu unajua uzi ukikatika. Kwa mazungumzo tulipata njia. Nilikuwa na kipande cha kitambaa cheusi cha suruali, nikakitandaza kwenye meza, na Nzioki akawa ananiandikia kwa chaki yangu ya kukatia. Mimi namjibu kwa mdomo. Tukimaliza anakikung'uta kama mwalimu anayefuta ubao. Aliendelea kuweka santuri na kunisimulia. *Solo linapanda. Limefika juu. Limekaa huko. Ni kama mtu yuko juu ya mti hataki kushuka.* Namwambia, "Na maneno?" Anaandika, *Yale yale. Amerudi na mbuzi.* Alikuwa akiniandikia nyimbo nzima, na pancha za watu zinangoja. Sijui kama nilimshukuru. Kwenye daftari sioni nilipoandika.

Mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada, Nzioki akaanza kukohoa. Watu wote walikonda mwaka ule kwa njaa, kwa hivyo hakuna aliyemtazama. Mimi nilitazama. Ovaroli yake niliishona mwenyewe na nilijua kipimo chake. Nilimwambia nenda, akaenda, akarudi na kadi kama yangu.

Akachukua chaki. Kisha akaandika: *Ungerudishwa nyuma, ungekubali sindano?*

Siku hiyo nilikuwa na uchungu wangu. Ndinda alikuwa amerudi nyumbani, na asubuhi ile alikuwa ameniimbia wimbo wa shuleni, mikono mgongoni, mpaka mwisho, na mimi nikapiga makofi kabla hajamaliza. Nzioki aliniuliza swali la kweli nami nikataka kumjibu kweli. Nikasema, "Sijui."

Neno moja. Ningemwambia, "Ningekubali, na masikio yakilia ningesema siku ile ile." Ningemwambia juu ya karatasi ya sista. Nilimwona akikung'uta kitambaa. Aliweka santuri ya Kongo, akafumba macho, hakuniandikia chochote.

Kila asubuhi alipita na baiskeli akanipungia kadi. Mke wake, Mama Muthoka, alimpikia uji wa kubeba. Hakuna aliyejua. Alikwenda kliniki mara sita, halafu akawa anapita langoni anaendelea mpaka mtoni, anakaa kwenye mchanga mpaka saa nne, anakunywa uji wake, anarudi. Mama Muthoka alipata kadi mfukoni alipokuwa anafua, akaona ina alama sita tu na miezi mitatu imepita. Alinijia verandani analia, ovaroli imelowa mkononi, na mimi nikaangalia mdomo wake nikaelewa kila neno.

Wakamlaza. Nilikwenda Jumamosi na kitambaa changu na chaki. Wodi ilikuwa ndefu, watu wamejaa. Nzioki alikuwa mdogo kitandani kama nguo iliyoanikwa. Nikainama karibu na sikio lake nikamnong'oneza yote. Kwamba sista aliuliza kila Jumatatu. Kwamba nilidanganya sindano ishirini na mbili. Kwamba kulikuwa na dawa nyingine. Kwamba si sindano peke yake iliyonila masikio, ni mimi pia.

Nikainua uso. Wodi nzima ilikuwa imegeuka inatutazama. Muuguzi amesimama na sahani mkononi. Nilidhani nanong'ona, kumbe nilikuwa napiga kelele. Mtu asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi.

Nzioki aliomba chaki. Akaandika: *Punguza sauti. Wamekusikia mpaka Kibwezi.*

Nikacheka, na machozi yakatoka. Akapumzika kidogo. Akaandika chini yake: *Ungeniambia.*

Kisha akamwita muuguzi kwa mkono, akanyoosha paja achomwe sindano.

Alichomwa sindano kumi na tatu. Kila nilipokwenda nilimwuliza, "Masikio?" naye anainua kidole gumba. Yalikuwa mazima. Aliondoka masikio yakiwa mazima, kabla mvua za Machi hazijaanza. Sista aliniandikia kwamba pengine hata angeanza mapema asingepona, kifua kilikuwa kimeharibika sana. Inawezekana. Inawezekana pia aliandika hivyo kwa huruma. Sikumwuliza, na karatasi hii ya pili sikuichoma.

Baada ya matanga Mama Muthoka alileta kinanda na santuri zote kwa mkokoteni. "Alisema ni zako," akasema kwa mdomo mpana ili nione. Nikamwambia mimi sina haja nazo, mama, nitazifanyia nini? Akaviweka pale pale katikati ya veranda akaenda zake. Nadhani nilimkosea kwa kusema vile, na nilikwenda baadaye kumwomba msamaha.

Kadi yako basi. Nenda. Nenda kila siku, hata ukiyumba, hata wakikuita mlevi. Na siku ile masikio yatakapoanza kulia, hata kidogo, hata ukidhani ni wadudu, sema. Mimi bado nakwenda kwenye benchi lile Jumatatu. Sista amenizoea, ananiacha. Mwezi uliopita alikuwapo mama mmoja mwenye lesso ya kijani, namba kumi na sita. Sista akamwuliza juu ya masikio. Sikusikia alichojibu, lakini nilimwona alivyojibu: macho chini, haraka, kidole kinazungusha pindo la lesso. Nikasimama nikasema, "Sista, muulize tena." Inaonekana nilisema kwa sauti kubwa, maana kuku walikimbia. Mama akanitazama kwa hasira. Kisha akashika sikio la kushoto. Wakambadilishia dawa. Aliponipita hakunisalimu, na ni haki yake.

Nikarudi verandani. Nilitoa santuri moja baada ya nyingine mpaka nikapata ile ya Kikamba, ile halisi, nikaiweka. Nikaweka viganja vyote viwili kwenye mbao za kinanda. Mara ya kwanza sikuona kitu. Nikairudisha mwanzo. Mara ya pili kukaja kitu chini ya vidole, kidogo kama mapigo ya moyo wa kuku ukimshika. Mara ya tatu nikajua mahali. Maneno hayafiki kwenye vidole, hata moja. Gitaa linafika. Nilihesabu mwendo wa yule mtu kwa kumbukumbu, siku nzima ya jua, mto, moshi wa jikoni, na pale anapogeuka mbao zikabadilika mikononi mwangu, zikapanda.

Kwa hivyo, Nzioki, kwa hilo umeshinda, na nimeliandika hapa ili lisomwe. Lakini yule mtu wa mbuzi, mimi bado nasema aliona aibu.